Mwanangu, Kwenu Hakufichiki

Kila mwaka reli ya kati inawachukua vijana wetu kutoka stesheni ya Tabora na kuwapeleka Dar es Salaam kutafuta kazi ya maneno. Zamani walikuwa wakisema wanakwenda kuwa watangazaji wa redio, basi. Siku hizi kazi hiyo imezaa watoto wengi: huyu anaandika matangazo ya biashara, yule anapiga filamu fupi, mwingine anaendesha kurasa za kampuni mitandaoni, na wote ukiwauliza wanakujibu kwamba wako kwenye mawasiliano. Vyema. Waende wakapate riziki yao. Lakini mimi nimezeeka nikiitazama safari hiyo, na kuna upuuzi mmoja unaofanywa kabla treni haijafika Dodoma, ambao hapo zamani ulinitia hasira na sasa umebaki kunichekesha. Wanafuta kwao.

Huanza na jina. La babu hukatwa mwanzo au mwisho mpaka lisikike kama la mtu wa nchi nyingine. Kisha hufuata sauti: kijana aliyekulia Isevya, akichanganya Kinyamwezi na Kiswahili cha sokoni, akirudi likizo anatuongelesha kama mtu anayetafuna muhogo wa moto. Mwisho anafutwa mama. Wenzake kazini wakimuuliza mama yake anafanya nini, hujibu kwamba yuko kwenye biashara, halafu haraka anageuza mazungumzo. Biashara yenyewe ni karanga na asali, juu ya meza ya mbao, na ndiyo iliyolipa nauli.

Siwalaumu sana. Mgeni mjini hujikunja ili apate pa kukaa, na katika ofisi hizo wapo watu ambao wakisikia lafudhi ya bara hucheka kabla hawajasikia wazo. Kijana hana kifua cha kubeba kicheko hicho kila asubuhi. Ninachotaka kumwonyesha ni gharama tu. Wahenga walitwambia asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wakasahau kuongeza kwamba ulimwengu unatoza ada.

Ada yenyewe hudaiwa hivi. Siku moja kampuni inapata kazi ya kutangaza mbegu au bima kwa wakulima wa Sikonge na Urambo. Kijana wetu anaandika maneno matamu ya mjini, yenye mzaha wa mjini, na mkulima akiyasikia redioni anadhani wanauza vocha za simu. Tangazo linaanguka. Mkubwa wa kazi anauliza kikaoni: jamani, hakuna hata mmoja hapa anayewajua watu wa huko? Kimya. Mjuzi yupo, amekaa kiti cha tatu, lakini akinyoosha mkono atakuwa amejisema. Baada ya wiki mbili kampuni inatuma watu kwenda kufanya utafiti, na kijana yuleyule anarudi Tabora kwa gari la ofisi, na posho ya kulala hotelini, kuja kumuuliza bibi yake mambo ambayo bibi alimfundisha bure utoto wake wote. Bibi anajibu. Tena anampikia.

Msidhani upuuzi huu ni wa kizazi chenu. Njia hii yetu, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, imeshaupitisha mara nyingi. Nendeni Kwihara, si mbali na mji, mkalione lile tembe. Mwezi wa Februari na Machi 1872 walikaa humo wanaume wawili waliokuwa wakila kwa kalamu, na wote wawili walizaliwa katika ufukara. Mmoja ni David Livingstone. Alikuwa mtoto wa Blantyre, Uskoti, aliyeingizwa kiwanda cha pamba akiwa na miaka kumi, na alipoandika kitabu chake cha safari mwaka 1857 aliyaweka hayo mwanzoni kabisa: hawa ndio wazazi wangu, hii ndiyo kazi niliyofanya. Akaendelea na habari za mito.

Wa pili alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, akijiita Henry Morton Stanley. Jina alilozaliwa nalo huko Denbigh, Wales, mwaka 1841, ni John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na mwaka 1847 mtoto alipelekwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph, akakaa humo mpaka 1856. Alipovuka bahari kwenda Marekani alijipatia jina jipya, na pamoja na jina akajishonea ukoo mpya. Mwaka huohuo wa 1872, alipokuwa akisherehekewa kwa kumpata Livingstone kule Ujiji, magazeti ya Wales yakaanza kuandika kwamba huyu ni mtoto wetu Rowlands. Akakana. Mtu ambaye nchi nzima ilikuwa ikimpigia makofi alitumia siku zake za furaha akikana mlango aliotokea. Na ile salamu yake maarufu ya kumuuliza mzee kama ndiye Daktari Livingstone? Kurasa za shajara yake zinazohusu kukutana kule zimechanwa, na Tim Jeal, aliyeandika maisha yake, anaamini maneno yale yalitungwa baadaye. Mtu akishazoea kujitungia mwanzo, hata katikati ya hadithi hatuliziki.

Alikuja kuandika habari za St Asaph uzeeni. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1909, na Stanley alikuwa amefariki tangu 1904. Nami huwa najiuliza: mtoto aliyejua tangu akiwa na miaka sita maana ya kuachwa mlangoni pa wageni, akapita katika njia iliyojaa watu walionyang'anywa kwao, angeandika nini kama angekubali kwamba anawafahamu? Aliandika mengi na akapata fedha. Hilo hakuliandika.

Ukitaka kuona kinyume chake, mtazame kijana aliyekuja Tabora Agosti 1872, katika kundi la watu ambao Stanley, baada ya kuachana na Livingstone, aliwatuma kutoka pwani wamfuate Livingstone. Aliitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni, akaokolewa na kupelekwa shule ya Nasik, India, na huko ndiko alikopewa jina hilo na kalamu. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chifu Chitambo mwaka 1873, ni Wainwright aliyesoma sala za maziko na kuchonga maandishi juu ya mti. Aliweka shajara ya safari ile ndefu ya watumishi wa Livingstone, kina Chuma na Susi, wakiubeba mwili mpaka baharini, wakipita Tabora, na mwezi wa Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika kanisa la Westminster. Alikufa mwaka 1892, huku kwetu, Urambo. Kijana huyu alikuwa amepoteza kwao kwa kuporwa. Lakini yale aliyopitishwa, utumwa, shule ya ugenini, lugha ya watu, ndiyo yaliyomfanya awe mtu wa kuandika wakati wengine wanalia.

Sisemi kwamba kila anayesimulia kwao anasimulia mazuri. Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903, na wataalamu wengi wanayahesabu kuwa kitabu cha kwanza cha Kiswahili cha mtu kujisimulia maisha. Hakuficha ukoo. Baba yake alifanya biashara hapa Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Tippu Tip mwenyewe alianza vijisafari vya sandarusi akiwa na miaka kumi na miwili, na akiwa na miaka kumi na minane akaletwa bara na babaye. Anayasimulia hayo kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia. Nyumbani ndiko alikojifunzia kusema na machifu, na nyumbani hukohuko ndiko alikojifunzia kumwona binadamu kuwa mzigo wa kuuzwa. Basi kwenu kukikulea, kuchunguze pia. Yapo ya kurithi na yapo ya kuzika, na huwezi kuzika usichokubali kukitazama.

Wenyewe wa njia hii, wapagazi wa Kinyamwezi, hawakuacha vitabu. Waliacha sauti. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, na bendera yake, na manyoya kichwani, na nyuma yake ngoma. Kazi yake ilikuwa kuonyesha njia, lakini njia ilijulikana. Kazi kubwa ilikuwa kuwafanya watu wenye mizigo mabegani watake kuendelea. Wapagazi walitunga nyimbo palepale barabarani, za kumsifu mwenye msafara akiwa mkarimu na za kumkejeli akiwa bahili, tena akisikia. Kwa kijana wa Kinyamwezi wa karne ya 19, kwenda pwani na kurudi kulikuwa ni kukua. Alirudi na nguo na maneno mapya, lakini wimbo aliokwenda nao ulitoka kwenye jembe la mama yake. Hao ndio mabibi na mababu zenu katika kazi mnayoiita ya kisasa.

Na aliyekuja kuwapita wote kwa kusema alisomea hapahapa. Julius Nyerere aliingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937, akitoka Butiama, boma la Mtemi Burito wa Wazanaki. Baba alikuwa na wake 22, na Mugaya, mama yake Julius, alikuwa wa tano. Mimi nadhani mtoto aliyekulia katika boma la namna hiyo hujifunza mapema kwamba neno moja husikika tofauti katika kila nyumba, na ukimjibu mama huyu vibaya, jioni utakula kwa nani? Baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha St. Mary's. Kisha, Januari 1958, chama cha TANU kikakutana mjini hapa kuamua kama kiingie uchaguzi wa kura tatu, ule wa kumlazimisha kila mpigakura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi walikuja wakiwa wamekasirika, tayari kususa. Husimuliwa kwamba Mwalimu aliwapa mfano wa mtu ambaye shamba lake liko ng'ambo ya matope, naye anataka mavuno bila kuchafua miguu. Wakaelewana, isipokuwa wachache, na uamuzi ule ukaitwa wa Busara. Huyu ni mtu aliyekwishasoma Edinburgh, ambaye mwaka 1963 angetoa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare. Alikuwa na maneno makubwa mfukoni. Siku ya shida alichomoa shamba na matope.

Wanamuziki walilijua hili bila kusoma popote. Iddi Nhende alipotoka Nzega na kuanzisha bendi Dar es Salaam mwaka 1959, aliipa jina la lililokuwa jimbo letu la Magharibi, ikawa Western Jazz, na watu wa jijini wakacheza. Shem Karenga na Tabora Jazz walipotaka kuvuma waliimba "Dada Asha". Dada tu, wa nyumbani. Mzee Mwinamila na kikundi chake cha Hiari ya Moyo walipeleka ngoma ya Unyamwezi Radio Tanzania bila kuivalisha suti. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa mtaniuliza, babu, tufanyeje? Tumwage utoto wetu wote mezani? Hapana. Tazameni michembe. Kiazi kibichi hakina safari, kitaoza njiani. Mama zetu hukikata vipande, wakakianika juani mpaka kikauke, kikawekwa, na siku ya njaa hurudishwa majini, kikachemshwa, kikaliwa na karanga. Ya nyumbani ndivyo yalivyo. Yanataka kukatwa, yanataka jua, yanataka muda. Mtu asiyeyahifadhi kabisa atakula kwa jirani maisha yake yote, na kila tangazo lake litakuwa na ladha ya jirani. Lakini yupo pia anayeyauza mabichi, nao siku hizi ni wengi: mama amelazwa, mtoto anampiga picha kitandani akizungumza na wafuasi wake, baba na mama wamegombana usiku, asubuhi mtaa mzima wa mtandaoni unatoa hukumu. Kesho yake wafuasi wameshapata wengine wa kuwatazama, na mama bado ni mama, ila hapiki tena mlango ukiwa wazi.

Kwa hiyo anikeni. Na mnapoanika mtagundua kwamba mlichopewa nyumbani ni ufundi zaidi kuliko hadithi. Wewe uliyeuza karanga na mama yako ulijifunza kujua mnunuzi amekwisha kuamua kabla hajafungua mkoba. Hakuna chuo cha matangazo kitakachokupa jicho hilo. Wewe uliyekuwa ukimfasiria bibi maneno ya daktari kwa Kinyamwezi ulijifunza neno lipi lipite moja kwa moja na lipi lifungwe kwenye pamba kwanza. Wewe uliyekuwa mtoto wa mwisho mezani ulijifunza kusema kwa ufupi, maana ukirefusha nyama imekwisha.

Na wewe ambaye kwenu palikuwa pachungu, usidhani umesahauliwa. Mtoto wa baba mlevi huutambua usiku utakuwaje kwa mlio wa viatu mlangoni. Ni elimu ya uchungu, na hakuna anayestahili kuipata hivyo, lakini sikio lile lipo, na mtangazaji mwenye sikio lile humsikia mpigaji simu anayecheka huku amevunjika moyo. Mwingine angempitishia wimbo tu. Hulazimiki kumtaja baba hewani. Hulazimiki hata kumsamehe haraka. Usilitupe sikio tu.

Najua mtanisikiliza nusu. Nusu inatosha, na nusu nyingine mtaikumbuka mkishapata mvi na watoto wanaowaonea haya ninyi. Mtoto kumwonea haya mzazi ni jambo la umri, kama chunusi. Kinachodhuru ni kujenga kazi juu yake. Nimewaona waliofanya hivyo wakifika utu uzima wakiwa hodari wa kusema kama mtu yeyote, na ofisi zikipunguza watu huanza na hao, kwa sababu mtu anayesema kama yeyote, yeyote anaweza kushika nafasi yake.

Basi shikeni haya machache. Jina la babu liandikeni zima, watu wa mjini wamejifunza majina magumu zaidi ya hilo. Mkirudi likizo, kaeni sokoni asubuhi moja nyuma ya meza ya mama, si kwa kupiga picha, kwa kuuza. Mnapotaka kusimulia habari ya mtu wa nyumbani aliye hai, mwombeni ruhusa, na akikataa, amekataa. Na kila tangazo mnaloliandika lisomeni kwa sauti mbele ya mtu wa umri wa mama yenu kabla ya kumpelekea mkubwa wa kazi. Akiuliza mlikuwa mnasema nini, msimweleze. Rudini mkaandike upya. Bibi yupo, na chakula kipo, ila safari hii mje kwa nauli yenu.